Mbwa wangu anasubiri mlango upande wa bawaba

BARUA

Daktari, hujambo binti yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tanga, na ninaandika habari za mbwa, jambo ambalo wenzangu wa barazani wakilijua watanicheka wiki nzima.

Mbwa mwenyewe anaitwa Bobi. Aliletwa nyumbani ndani ya kikapu cha sokoni mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa kwanza, na mjukuu huyo sasa yuko darasa la saba. Kwa hesabu hiyo ana miaka 13. Ni chotara: baba yake jerimani shepadi wa jirani yetu wa zamani kule Raskazone, mama yake koko wa mtaani. Marehemu mke wangu ndiye aliyempenda zaidi. Mimi nilikuwa nikimwona mlinzi tu, mpaka tulipobaki wawili.

Tangu mvua za vuli za mwaka jana ameanza mambo nisiyoyaelewa. La kwanza ni mlango. Akitaka kutoka anaufuata kama kawaida, lakini anasimama upande wa bawaba, pua inagusa ukuta, anasubiri. Nikifungua, mlango unampiga ubavuni naye hasogei. Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuhamisha. Mlango huo ameutokea miaka 13!

Usiku kwenye saa nane anaamka, anazunguka sebuleni, kucha zinagonga vigae tik tik tik, kisha anabweka akitazama ukuta wenye kalenda. Jirani mmoja amesema Bobi ameona jini, nitafute mtu asome. Mwingine ameniambia kwa sauti ya chini nitafute mtu mwenye bunduki. Mchana kutwa analala kama gunia. Mwezi huu amekojoa kwenye mkeka mara tatu, yeye ambaye zamani angeliweza kujizuia hadi nirudi kutoka Muheza. Na mjukuu akija, zamani akisikia tu bodaboda anakuwa ameshafika getini. Sasa mtoto anaingia mpaka ndani ndipo anainua kichwa.

Mwanangu anaishi Houston, Marekani. Nilipomsimulia alisema hiyo ni demensia ya mbwa, yaani akili na kumbukumbu kuchakaa uzeeni, huko kwao inajulikana, na kuna virutubisho vyake. Amempa mtu makopo manne aniletee: moja mafuta ya samaki, moja limeandikwa MCT, moja la majani ya ginko, na moja ati lina kitu kilichotolewa kwa konyeza wa baharini. Amekiri kwamba yote pamoja yamemgharimu dola 150. Nimeyapanga kabatini, sijafungua hata moja. Msichana anayenisaidia kazi anasema mafuta ya nazi yanatosha, nayo tunayo.

Kwa taarifa yako: ana kilo 26, anakula ugali na dagaa. Kila wiki ninamwogesha dawa ya kupe, ile ya kuchanganya na maji. Miguu ya nyuma ikimkaza asubuhi ninampa nusu kidonge cha diklofenaki, zile zile ninazotumia kwa goti langu. Chanjo ya kichaa cha mbwa alichomwa mwaka juzi.

Nianze na kopo lipi? Au ninajidanganya, nimpumzishe tu?

Mstaafu wa Chumbageni

JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Kabla hujafungua kopo lolote, acha diklofenaki. Leo. Umeitaja kwa kupita tu, lakini ndiyo iliyonishtua kuliko mlango na kalenda. Kidonge kinachotuliza goti lako kinaweza kuchubua tumbo la mbwa mpaka likavuja damu, na kikamharibia figo, hasa mzee kama Bobi. Ibuprofeni ni hivyo hivyo, na Panadol nayo si ya kumpa kwa kukisia. Kinyesi chake kikiwa cheusi kama lami, akitapika, au fizi zikipauka, usisubiri siku ya miadi. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, daktari atampimia kwa uzito wake. Ila usimpe hiyo mpya kabla hujamwambia daktari ni lini Bobi alimeza diklofenaki mara ya mwisho, kwa sababu dawa hizi zikikutana tumboni madhara yanaongezeka.

Tena maumivu yenyewe ni sehemu ya habari hii. Mbwa ambaye nyonga zinamuuma hapati mkao, kwa hiyo anaamka, anazunguka, analala kidogo, anaamka tena. Anachelewa kwenda nje, mkojo unamponyoka. Nimeona mbwa walioitwa wendawazimu wakalala usiku mzima baada ya kutibiwa miguu.

Sasa mlango. Mwanao hajakosea sana. Kusimama upande wa bawaba ni dalili ambayo ukiisikia mara moja huisahau, kwa sababu mbwa anakumbuka kwamba mlango hufunguka ila amepoteza kumbukumbu ya wapi. Ongeza kuzunguka usiku na kulala mchana, kukojoa ndani, kutomjali mtu aliyempenda, kubwekea ukuta, hiyo ndiyo picha ya ubongo wa mbwa unaochakaa. Si jambo geni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2001 kwamba kati ya mbwa wa miaka 11 na 12, asilimia 28 walikuwa na angalau dalili moja ya aina hii, na kwa wa miaka 15 na 16 ilikuwa asilimia 68. Ndani ya ubongo wao hujikusanya protini ya amiloidi, ile ile inayokutwa kwa binadamu wenye Alzheimer. Kwetu huku hatuiongelei kwa sababu mbwa wengi hawafiki umri huo. Wanakufa kwa kupe, kwa gari, kwa sumu iliyotegewa fisi. Bobi kufika 13 ni sifa yako.

Ila jina hilo tunalifikia kwa kuondoa mengine kwanza. Kichaa cha mbwa sikifikirii hapa, maana mwenye kichaa akishaonyesha dalili hamalizi wiki mbili, na Bobi ameanza tangu vuli. Hata hivyo chanjo ya mwaka juzi imepitwa, mchome. Halafu macho. Chukua kipande cha pamba, kaa mbele yake mchana, kidondoshe kimya kimya. Mbwa anayeona atakifuata kwa macho, na kwa kuwa pamba haina sauti hawezi kukudanganya. Masikio: mgongee sufuria akiwa amekupa mgongo. Kama haoni au hasikii, kutomkimbilia mjukuu kunapata maelezo mengine kabisa. Pima pia maji anayokunywa kwa siku, kwa chupa ya lita moja, uandike. Akimaliza lita mbili na zaidi wakati uzito wake ni kilo 26, tunashuku figo, kisukari au homoni, na mkojo wa kwenye mkeka hauna uhusiano na akili. Kwa Tanga lazima nitaje na homa ya kupe, ile ya erlikia, ambayo inaweza kujificha mwilini miezi mingi, inashusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na inaweza kupanda mpaka machoni na kwenye ubongo. Mwambie daktari achukue damu.

Kuhusu jini sibishani na jirani yako. Kisomo hakigongani na dawa yoyote.

Makopo, sasa.

La MCT ndilo ningelifungua. Ubongo ukizeeka unashindwa kuitumia glukosi, sukari ya damu, vizuri kama zamani. Mafuta haya ya mnyororo wa kati yakifika kwenye ini hugeuzwa kuwa ketoni, na ubongo unaweza kuzichoma badala ya glukosi. Ni kama gesi imekaribia kwisha jikoni ukaona bora uwashe jiko la mkaa: moto si ule, lakini maharage yanaiva. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mbwa 24 wa aina ya Beagle, wazee wa miaka saba na nusu na kuendelea, ambapo nusu walilishwa kwa miezi 8 chakula chenye asilimia 5.5 ya mafuta haya, wakawashinda wenzao katika mitihani ya kujifunza na kukumbuka. Angalia lakini: walikuwa mbwa wa maabara, wazee lakini hawajachanganyikiwa, na ilichukua miezi. Usitegemee kwamba kufikia Ijumaa Bobi atahamia upande wa kitasa.

Anza na nusu kijiko cha chai kwenye ugali, mara moja kwa siku, upandishe polepole kwa wiki mbili tatu hadi kipimo atakachokupa daktari. Ukimmiminia kwa pupa ataharisha sebule nzima. Na kama amewahi kuugua kongosho au ini lina hitilafu, lisifunguliwe kabisa.

Msichana wako yuko karibu na ukweli, mwambie nimesema hivyo. Mafuta ya nazi ndiko MCT inakotolewa kwa wingi. Tatizo ni kwamba karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo haigeuki ketoni kwa wepesi, na asidi zile mbili zinazotakiwa, zenye kaboni 8 na 10, ni kama asilimia 15 hivi. Ili Bobi apate kiasi kile kile kwa nazi itabidi umpe mafuta mengi mno, na mafuta mengi kwa mbwa mzee ndiyo njia fupi ya kuwasha kongosho. Kijiko cha chai kwenye ugali hakimdhuru, ila usikiite tiba.

Mafuta ya samaki: yana faida, hata kwa viungo vyake, lakini geuza kopo usome nyuma. Mbele wataandika miligramu 1000 kwa maandishi makubwa, hayo ni mafuta yote kwa jumla. Unachokitafuta ni EPA na DHA, zile omega-3 zenyewe, na katika vidonge vingi vya kawaida vya 1000 utakuta 180 na 120 tu. Daktari atapiga hesabu kwa namba hizo ndogo. Hakikisha pia hayakuandikwa mafuta ya ini la samaki, kwa kuwa hayo yamebeba vitamini A na D zinazojilimbikiza mwilini. Toboa kidonge kimoja unuse. Kikinuka kama rangi ya mafuta ya kupaka milango, yamechacha, tupa. Na wewe uko Tanga, Mwalimu! Kibua mmoja wa kuchemsha bila chumvi, ukamtoa miiba, mara tatu kwa wiki, anafanya sehemu kubwa ya kazi ya kopo hilo. Dagaa unaompa sasa kama ni wale wa kuchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, waloweke na umwage maji kabla ya kupika, figo za mzee hazihitaji chumvi ile.

Ginko ningelirudisha kabatini. Kwa binadamu, Marekani walijaribu wazee zaidi ya 3,000, matokeo yakatoka mwaka 2008, na waliomeza ginko walipata demensia kama wale waliomeza kidonge kitupu. Kwa mbwa yapo majaribio madogo ya vidonge vyenye mchanganyiko, ndani yake na ginko, na baadhi yalionyesha nafuu, ila huwezi kujua ni kipi kati ya viungo hivyo kilichosaidia. Kwa Bobi nina sababu nyingine: ginko linashukiwa kufanya damu isigande upesi, naye ametoka kwenye diklofenaki na anaishi kwenye kupe. Sitaki hayo matatu yakutane.

Na konyeza, yule anayewawasha watoto wakioga. Protini hiyo ikifika tumboni inasagwa kama protini ya maharage, na sijaona sababu ya kuamini kwamba inafika kwenye ubongo. Kampuni iliyowauzia binadamu kidonge kama hicho ilishtakiwa na serikali ya Marekani mwaka 2017 kwa madai yake juu ya kumbukumbu. Muombe radhi mwanao kwa niaba yangu, amenunua kwa mapenzi.

Kabla hujampa chochote kati ya hivyo, pitisha kidole kwenye orodha ya viungo utafute zailitoli, sukari mbadala. Kwenye lebo mara nyingi huandikwa xylitol, kwa herufi X. Inatiwa kwenye vidonge vya kutafuna ili viwe vitamu, nayo inamshusha mbwa sukari ya damu ndani ya saa moja na inaweza kuua ini. Ukiiona, kopo zima linakwenda jalalani. Na kama una paka, vidonge vya ubongo vya mbwa vyenye asidi ya lipoiki asivifikie hata kimoja.

Fungua kopo moja tu kwa wakati, ukae nalo miezi miwili. Ukianza yote siku moja, akiharisha hujui ni lipi na akipata nafuu hujui ni lipi. Kalenda ile anayoibwekea ndiyo utakayoandikia: kila asubuhi tia alama ya usiku uliopita, aliamka mara ngapi, alikojoa wapi. Usitegemee kichwa, chako wala changu. Mtu akishatoa dola 150 anaona nafuu hata pasipo nafuu.

Sasa nikuambie kinachonisikitisha kila nikijibu barua za namna hii. Watu wananiuliza kopo, hakuna anayeniuliza matembezi. Kule Marekani na Kanada waliwafuatilia Beagle wazee kwa zaidi ya miaka miwili katika makundi manne: wengine chakula chenye vitamini E na C na wenzake, wengine matembezi, midoli, mwenza wa banda na mafunzo, wengine vyote viwili, wengine hakuna. Walioongoza ni waliopata vyote viwili. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Marekani uliohusisha mbwa zaidi ya 15,000 ulikuta waliokaa bila kujishughulisha wana dalili hizi mara nyingi zaidi kuliko wanaojishughulisha, ingawa hapo sijui nani alitangulia, uvivu au ugonjwa.

Kwa hiyo mtembeze, asubuhi jua likiwa changa, mwendo wake yeye, mwache anuse kila nguzo. Hata kama ni dakika kumi hadi kwenye mwembe na kurudi. Jua la asubuhi linamsaidia mwili kujua sasa ni mchana. Jioni chukua vifuu vitatu vya nazi, vifunike sakafuni, weka kipande cha kibua chini ya kimoja, mwache atafute. Siku za mwanzo mwonyeshe. Mjukuu atapenda kazi hiyo, na huenda ndiyo njia ya Bobi kumjua tena. Usiku mlishe saa ile ile, mtoe akojoe saa nne hata kama hataki, tandika mikeka juu ya vigae ili miguu isiteleze, acha taa ndogo ikiwaka karibu na ukuta wa kalenda. Makochi yasihamishwe. Akisimama penye bawaba usimfokee, mshike ukosi umsogeze kabla hujafungua.

Dawa ya kupe: baadhi ya zile za kuchanganya na maji ni amitrazi. Soma chupa. Ikizidi kipimo yenyewe inamlegeza mbwa na kumchanganya, na kuogesha kila wiki naona ni mara nyingi mno. Lakini sababu kubwa ya kuitaja ni hii: siku moja daktari anaweza kukuandikia selejilini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa huu huu wa mbwa. Hiyo haikutani na amitrazi hata kidogo, wala na tramadoli ya maumivu. Nenda na chupa ya kupe mkononi, usiisimulie.

Kumpumzisha. Hujidanganyi, Mwalimu, na wala sikwambii siku bado ni nyingi. Ugonjwa huu unakwenda mbele, makopo na matembezi yanauchelewesha tu. Lakini mbwa anayekula, anayetembea hadi mwembeni na kukufuata chumba hadi chumba hajafika huko. Kalenda itakuonyesha. Usiku mbaya ukizidi usiku mzuri kwa mwezi mzima, au akiacha kula, au akianza kukuogopa wewe, nipigie au mpigie daktari wako, tutamlaza kwa sindano, nyumbani kwako, kichwa chake kikiwa kwenye mkeka wake. Mwenye bunduki hahusiki.

Wiki hii basi: damu, mkojo, macho, miguu, chanjo. Daktari wa karibu akishindwa kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, ingawa kwa miguu ya Bobi ni safari. Mkojo uwe wa asubuhi ya siku ile ile. Ukimtoa nje, mfuate kwa nyuma na upawa mkavu, akinyanyua mguu kinga, mimina kwenye chupa safi iliyooshwa kwa maji moto, funga. Wengi hufanikiwa mara ya pili, mara ya kwanza mbwa hushtuka akakata mkojo.

Upawa huo mwambie msichana usirudi jikoni.